Cheti cha Printa, Adapta ya Mtaani

Mvua ya alasiri Kakamega haiji bila radi, na radi ikipiga karibu na laini ya umeme, adapta ndizo hutangulia kuungua. Nilizifungua mbili mezani kwenye saiba moja ya mjini: ile iliyokuja na printa, ambayo sasa imekufa, na ya bei nafuu iliyonunuliwa kuziba pengo. Ya kwanza, pale umeme unapoingilia, ilikuwa na koili mbili zilizoviringwa kwenye pete moja nyeusi, na kando yake kapasita ya njano. Ya pili ilikuwa na nafasi ya koili, hata alama yake imechorwa kwenye bodi, ila palikuwa pamelehemiwa vipande viwili vya waya mtupu. Kapasita haikuwepo kabisa.

Kwa adapta hii ya pili, printa ilichapa vizuri. Lakini kila ilipowashwa, redio ya masafa mafupi kwenye soketi ya jirani ilianza kukoroma. Adapta hizi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele ya mkato huo hurudi ukutani kupitia waya uleule ulioleta umeme. Kazi ya koili na kapasita ni kuizuia mlangoni.

Kiwango cha kimataifa cha CISPR 32 kinataka kelele hiyo ipimwe kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 30. Printa huwekwa juu ya meza ya sentimita 80, sentimita 40 kutoka kwenye bamba la chuma lililosimama. Haipimwi peke yake: huungwa na kompyuta, skrini na kibodi, kisha hupewa kazi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa kujaza skrini herufi H, mstari baada ya mstari, huku printa nayo ikichapa H zilezile. Printa iliyolala haionyeshi tabia yake.

Waya wake wa umeme hupitia kisanduku kiitwacho LISN. Hiki huzuia kelele za mtaani zisiingie kwenye kipimo, na huipa kelele ya printa ukinzani uleule wa omu 50, upimie Nairobi au Tokyo. Bila hicho kila jengo lingetoa jibu lake. Laivu hupimwa, kisha nyutro.

Kwa vifaa vya nyumbani, kati ya kilohezi 500 na megahezi 5, wastani usizidi mikrovolti 200: chini ya sehemu moja ya milioni ya volti 240 zinazoingia. Kuna pia kipimo cha pili, ninachokipenda zaidi. Chenyewe huupa uzito mdogo mlio wa nadra na mkubwa ule unaorudiarudia, kwa sababu CISPR, kamati inayotunga viwango hivi, ilianzishwa 1934 kwa ajili ya wasikilizaji wa redio, na sikio ndivyo linavyokereka.

Kwa hiyo kilichofaulu maabara ni printa pamoja na adapta iliyokuwa mezani siku ile. Tangu 2005 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lina mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja Kenya. Katika mpango huo, adapta zinazouzwa peke yake nazo zipimwe kwa ukali uleule, zikiwa zimebeba mzigo kamili, maana ndizo zinazoishia kwenye printa zetu kila baada ya msimu wa radi.

Ile koili niliing'oa kwenye adapta iliyokufa, nikailehemu penye vipande vya waya. Mkoromo ulipungua, habari zikasikika. Kama sasa inafaulu, hilo ni la LISN kusema.