Kozi ya fleksibo haiko kozi rahisi

Wandugu, matangazo yanapita kila wiki katika magrupe yetu: jifunze wakati wowote, mahali popote, kwa mwendo wako. Mtu anatuma kiungo, wengine kumi wanamujibu asante, siku ile ile wanajiandikisha. Mwezi ukiisha, hakuna tena mtu anaongelea ile kozi. Mimi nataka tuiongelee. Tangu nimalize licence ya agronomi nimefuata kozi kadhaa za namna hii: moja ya udongo, moja ya takwimu, moja ya kuandika miradi. Kwa hiyo haya hayako maneno ya mtu mwenye alikataa kujaribu. Ni hukumu yangu juu ya aina hii ya masomo: inatoa nini, inanyamazia nini, na mtu wa kwetu ajitayarishe namna gani.

Tuanze na neno lenyewe. Watu wengi wakisikia "fleksibo" wanaelewa "nyepesi". Lakini ukifungua kozi utaona kazi ni ile ile: masomo ya kusikiliza, kurasa za kusoma, mazoezi, mtihani. Kitu kimoja tu ndicho kimebadilika, ni mtu mwenye anabeba kalenda. Kule iniversite kalenda inabebwa na watu wengi. Kuna ratiba ubaoni, kuna asista mwenye anatangaza entero, kuna CP mwenye anasumbua promosio nzima kwa simu, kuna rafiki mwenye anakuuliza kama TP umeimaliza. Hata mvivu anasukumwa. Katika kozi ya fleksibo hao wote wameondolewa, na kazi yao umepewa wewe. Tangazo linaita hiyo uhuru. Ni uhuru kweli, lakini uko na bei, na bei haiandikwi kwenye tangazo.

Tena, hizi kozi hazikuanza hivi. Mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kwa dunia nzima kozi yao ya akili bandia ya Stanford. Watu zaidi ya 160,000 walijiandikisha, zaidi ya 20,000 wakafika mwisho. Ile kozi ilikuwa na tarehe: kila wiki somo, kila wiki kazi ya kurudisha, na wote walikuwa wanatembea pamoja. Mwaka 2012 Coursera ilizaliwa, ikianzishwa na Andrew Ng na Daphne Koller, na mwaka ule ule MIT na Harvard wakaanzisha edX. Kidogo kidogo kozi nyingi ziliacha tarehe moja ya wote, zikawa unaanza siku unayotaka. Kwa mwenye kuuza, hiyo ni faida: mlango uko wazi mwaka mzima. Kwa mwanafunzi, maana yake ni kwamba wenzake wa safari wametawanyika. Wewe uko wiki ya kwanza, mwingine wiki ya tano, mwingine aliacha zamani. Unauliza swali, jibu unalolikuta liliandikwa miaka mitatu nyuma.

Sasa tuangalie hesabu. Mwaka 2019 jarida la Science lilitoa uchunguzi wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente juu ya kozi za MIT na Harvard kwenye edX, toka 2012 mpaka 2018. Katika mwaka wa 2017-2018, kwa watu 100 wenye walijiandikisha, karibu 3 tu ndio walimaliza. Kwa wale wenye walilipa ili wapate sertifika, walimaliza 46 kwa 100.

Hapa tusome kwa akili. Ile 3 kwa 100 haisemi kwamba 97 ni wajinga ao wavivu. Wengi waliingia kuchungulia tu, wengine walitafuta somo moja, wakalipata, wakatoka. Na ile 46 haisemi kwamba franga ndiyo inafundisha, juu mwenye analipa mara nyingi alikuwa amekwisha kuamua. Lakini angalia vizuri: hata kati ya wale wenye walitoa pesa yao mufukoni, zaidi ya nusu hawakufika. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ni nia peke yake. Nia walikuwa nayo, mpaka wakailipia.

Kuna kifungo kimoja katika platifomu fulani ambacho kwangu kinaonyesha tabia ya mfumo mzima. Ukichelewa, kinakuambia: panga upya tarehe zako. Unabonyeza, na madeni yote yanafutika. Hakuna aliyekasirika. Mara ya kwanza ni rehema, hasa kama ulikuwa mgonjwa ao delestaji ilikufunga siku nne. Mara ya tatu kinakufundisha kitu kibaya: kwamba hakuna mtu anakungojea. Mkulima hana kifungo kama hicho. Kwetu Kivu msimu A unaanza na mvua za mwezi wa tisa. Ukipanda maharagwe mwezi wa kumi na mbili, mvua haitarudi nyuma kukungojea, utakula hasara ao utangoje msimu B. Ni ukali, lakini ndio ule ukali unafanya kijiji kizima kiamke siku moja na majembe.

Kitu cha pili cha kungojea: kozi "ya bure" inalipwa kwa mega. Tufanye hesabu wenyewe. Video yenye kupita kwa kilobiti 500 kwa segonde, yaani picha ya chini, inakula mega 225 kwa saa moja. Kozi ya wiki 6, video za saa 2 kwa wiki, ni saa 12, sawa na giga 2.7. Ukiacha picha ipande yenyewe mpaka kilobiti 1,500, ni zaidi ya giga 8. Peleka hiyo namba kwa bei ya forfe yako, utajua bei ya kweli ya ile kozi. Halafu ongeza petroli ya groupe ao franga ya kuchaji simu kwa jirani. Wenye walitengeneza kozi hawana hii hesabu kichwani, juu kwao koneksio iko kama maji ya bomba. Kwa hiyo, mbele ya kujiandikisha, tafuta kama video zinaweza kushushwa, na kama kuna maandishi ya somo. Kozi yenye haitoi vyote viwili haikutengenezwa kwa mtu wa huku, hata kama profesa wake ni hodari namna gani.

Saa pia. Tarehe ya mwisho ikiandikwa 23:59 UTC, Bukavu, Goma ao Lubumbashi ni saa saba na dakika 59 za usiku, na Kinshasa ni saa sita na dakika 59. Na ile "saa 3 kwa wiki" yenye inaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, ni ya mtu mwenye anasoma kwa luga yake. Wewe mwenye kiingereza ni luga yako ya nne, nyuma ya mashi, kiswahili na kifaransa, uhesabu saa 5 ao 6. Si aibu, ni hesabu tu.

Kitu cha tatu ndicho kinanihuzunisha zaidi: maswali ya mwisho wa somo. Mara nyingi unachagua jibu kati ya manne, ukianguka unarudilia, mpaka upate. Mtu anatoka hapo na 90 kwa 100 na furaha kubwa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha jambo ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wenye walirudilia kusoma walikumbuka vizuri zaidi dakika 5 nyuma yake. Lakini kisha wiki moja, wenye walifunga maandishi na kujaribu kukumbuka peke yao ndio waliwapita. Maswali ya papo kwa papo yanapima zile dakika 5. Kazi yako itapima mwezi, mwaka.

Na kuna vitu haviingii kabisa katika video. Ile kozi ya udongo ilikuwa nzuri, nasema bila chuki. Nilielewa pale mambo ya asidi na fosforo kuliko katika silabisi ya iniversite. Lakini kujua udongo kwa mkono, unaulowesha, unaufinyanga: mchanga unakwaruza, tope laini linateleza kama unga, udongo wa mfinyanzi unashika na kukubali kuwa kamba. Swali linakuuliza kamba inaonyesha nini, unachagua jibu, unapata pointi. Vidole vyako havijajua kitu. Siku muzee mmoja wa Walungu atakushikisha udongo wa shamba lake na kukuuliza, "Mwanangu ingenia, hapa tupande nini?", sertifika haitamujibu.

Sisemi tuache. Kinyume. Kwa mtu mwenye aliketi katika oditware ya watu mia tatu bila kumusikia profesa, kuweza kusimamisha video na kurudilia mara nne ni zawadi. Mama mwenye mtoto muchanga, mtu wa kazi, mtu wa Shabunda mwenye barabara imemukatia mji: kwa hao, kozi yenye tarehe kali ingekuwa mlango umefungwa. Fleksibo iliwafungulia, na asiyeona hiyo hajui maisha ya wenzake. Ninachokataa ni kumuachia mwanafunzi mzigo wa kalenda, wa umeme, wa luga na wa mazoezi, kisha akiacha njiani kusema hakuwa na nidhamu.

Basi, kama umeamua kuchukua kozi, ile kalenda yenye walikuachia uijenge wewe, na usiijenge peke yako. Tafuteni watu watatu ao wanne, muanze siku moja. Muchague CP wenu. Siku moja ya wiki, saa moja, kila mtu afunge simu na aeleze somo kwa kinywa chake, kwa kiswahili. Kama hawezi kulieleza kwa kiswahili, bado hajalielewa. Mushushe video mara moja na mupashane, mega zinapungua. Kila wiki mutafute kitu kimoja cha kufanya kwa mikono ao kwa takwimu za hapa kwetu. Kozi moja kwa msimu, si tano. Na mbele ya kulipia sertifika, uliza mtu mwenye anaajiri katika kazi unayotaka kama aliwahi kuiangalia. Akisema hapana, uchukue elimu, pesa uiache mufukoni.

Kwa asosiasio yetu ninaleta ombi moja. Tuko na liste ya wenye wamemaliza masomo, tuko na liste ya wenye wanatafuta kazi. Tutengeneze ya tatu: nani anaanza kozi gani, tarehe gani, katika mji gani. Wenye wako tayari kuanza pamoja mwezi ujao, waandike hapa chini jina la kozi na mji wao. Kwa Bukavu mimi naanza na ile ya takwimu, sehemu ya pili. Natafuta watatu.