Kipimo cha Lyme: Kwa Nini Chanya Moja Haitoshi

Mkazi wa Carrollton, kaskazini mwa Dallas, akiumwa na kupe kisha akatokwa na upele wa duara, hofu yake ya kwanza huwa ugonjwa wa Lyme. Daktari humtoa damu, lakini maabara haimtafuti bakteria mwenyewe. Bakteria wa Lyme, Borrelia burgdorferi, huwa wachache mno kwenye damu, hawaonekani kirahisi hata kwa darubini. Kinachotafutwa ni kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kupambana naye.

Utaratibu wa upimaji uliafikiwa katika mkutano wa Dearborn, Michigan, mwaka 1994, nao una hatua mbili. Ya kwanza ni ELISA: seramu ya mgonjwa hukutanishwa na protini za bakteria, na kingamwili zikinasa, rangi hubadilika. Kipimo hiki kimeundwa kisikose wagonjwa, ndiyo maana wakati mwingine huwanasa na wasio wagonjwa. Kikitoka chanya au cha mashaka, hufuata Western blot. Hapa protini hutenganishwa kwa uzito, na kila kingamwili iliyopo huacha mstari wake. Kwa kingamwili za aina ya IgG inatakiwa mistari 5 kati ya 10. Kwa zile za aina ya IgM ni 2 kati ya 3, tena huhesabiwa ndani ya siku 30 za kwanza za ugonjwa tu.

Masharti haya yana sababu. Mstari wa uzito wa kilodaltoni 41, kwa mfano, hutokana na protini ya mkia wa bakteria, na bakteria wengine wengi wana protini inayofanana nayo. Mtu mzima wa afya anaweza kuwa nao. Julai 2019, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu ELISA ya pili, ya aina tofauti, ichukue nafasi ya blot. Hatua zilibaki mbili.

Wasomaji wetu waliotoka Afrika Mashariki wana jambo la ziada. Homa ya papasi, inayojulikana sana Dodoma, husababishwa na Borrelia duttonii, ndugu wa bakteria wa Lyme. Huyo hujaa kwenye damu wakati wa homa, hivyo tone moja chini ya darubini laweza kumfichua. Lakini kingamwili zake zinaweza kuipotosha ELISA ya Lyme. Texas nayo ina ndugu mwingine, Borrelia turicatae, anayebebwa na papasi.

Sasa tupige hesabu. Lyme ni nadra Texas; wagonjwa wengi wa Marekani huambukizwa kaskazini-mashariki, na Wisconsin na Minnesota. Tuseme watu 1,000 wamepimwa, 2 tu ndio wagonjwa, na kipimo hukosea kwa mtu 1 katika kila 100 wazima. Tutapata chanya za uongo karibu 10 dhidi ya chanya 2 za kweli. Hata upele unaweza kudanganya: kupe wa nyota moja, aliyezagaa Texas, huacha upele unaofanana na wa Lyme ilhali haenezi Lyme.

Kwa hiyo mweleze daktari ulikosafiri na homa ulizowahi kuugua, kisha uliza kama hatua ya pili imefanyika. Ukipimwa siku chache baada ya kuumwa na kupe, hasi haikuondolei shaka, kwani kingamwili huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Na usirudie kipimo ili kujua kama umepona: kingamwili huweza kubaki mwilini kwa miaka.