Wastani na Mwananchi: Uhakiki wa Habari za Uchumi wa Kati

Kazi ya kada ni kuwaeleza wananchi ukweli ili waweze kuamua na kutenda. Takwimu ni sehemu ya ukweli huo. Lakini takwimu sahihi isiyoelezwa yaweza kupotosha kuliko uongo, kwa sababu uongo hukanushwa, nayo takwimu sahihi haina wa kuikanusha. Hapa tunahakiki habari moja iliyoenea nchi nzima, ambayo sisi wakufunzi wa siasa tuliibeba bila kuichambua.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya uchumi wa kati. Pato la Taifa kwa kila mtu kwa mwaka 2019 lilikadiriwa kuwa dola 1,080, na kizingiti kilikuwa dola 1,036. Ikaandikwa kwamba lengo la Dira ya 2025 limefikiwa miaka 5 kabla ya wakati. Furaha ilikuwa ya haki, maana hatua ile ilitokana na jasho la wakulima na wafanyakazi. Kasoro ilikuwa katika maelezo.

Kwanza, kuna maneno yaliyoachwa. Kundi tuliloingia ni la uchumi wa kati wa daraja la chini, lililoanzia dola 1,036 hadi 4,045. Tulikivuka kizingiti kwa dola 44. Mipango ya kutekeleza Dira ilitaja dola 3,000 kwa kila mtu ifikapo mwaka 2025. Kwa hiyo tulikuwa tumefikia jina la lengo, siyo kiasi chake.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, maneno "kwa kila mtu" yalielezwa kana kwamba ni "kila mtu anapata". Dola 1,080 kwa thamani ya wakati ule zilikaribia shilingi 207,000 kwa mwezi, kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwamo. Mwanafunzi wetu mmoja, kiongozi wa tawi kutoka kijijini, alisimama akauliza: "Ndugu Mkufunzi, kaya yangu ina watu 6. Hizo zetu anazichukua nani?" Tulimjibu kwa hotuba. Alistahili kujibiwa kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuchukue kijiji cha kaya 10. Kaya 9 zimevuna magunia 4 ya mahindi kila moja. Kaya ya kumi, yenye trekta, imevuna magunia 64. Jumla ni magunia 100, na wastani ni magunia 10 kwa kaya. Wastani huo ni sahihi, lakini hakuna kaya hata moja iliyovuna magunia 10. Ukizipanga kaya zote kwa mstari kuanzia ya chini hadi ya juu, walio katikati wana magunia 4. Sasa kijiji kikipanga mchango wa shule kwa kufuata wastani, kaya 9 zitaitwa kaidi, kumbe hazina. Hapo takwimu isiyoeleweka imekwisha kuwa dhuluma. Ubepari huupenda wastani kwa sababu wastani hauonyeshi tabaka.

Tatu, kuna asilimia. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, Tanzania Bara, ulionyesha kwamba watu asilimia 26.4 walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mwaka 2011/12 walikuwa asilimia 28.2. Basi umaskini ulipungua? Kwa asilimia, ndiyo. Lakini watu nao waliongezeka, na idadi ya maskini ilipanda kutoka takriban milioni 12 hadi takriban milioni 14. Anayetaja asilimia peke yake anasifu tu. Anayetaja idadi peke yake analaumu tu. Kada hana budi kutaja zote mbili. Tena vijijini umaskini ulikuwa asilimia 31.3, na mijini asilimia 15.8, tarakimu moja ya taifa zima huificha tofauti hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuipeleka tarakimu yoyote kwenye mkutano wa tawi, tujiulize: Kimehesabiwa nini? Kimegawanywa kwa nani? Kimelinganishwa na mwaka gani, na lengo gani? Aliye katikati ana nini?

Wapo watakaosema kwamba kuuliza hivyo ni kuvunja moyo wananchi. Sivyo. Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962, wakati Taifa lilikuwa changa na lenye kila sababu ya kujisifu. Mkulima mwenye magunia 4 anajua idadi ya magunia yake. Tukimwambia ana 10, hatabadilisha hesabu yake. Atabadilisha imani yake kwetu.