Henry Rono na Moscow 1980: Uamuzi Uliokula Medali

Henry Rono, Mnandi aliyezaliwa mwaka 1952, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State: mita 5,000 (13:08.4), mita 3,000 kuruka viunzi na maji (8:05.4), mita 10,000 (27:22.4) na mita 3,000 (7:32.1). Mbili za mwanzo alizipata Berkeley na Seattle, katika mashindano ya vyuo, bila mpinzani wa maana wa kumsukuma. Leo taa za kuongoza mwendo zinatembea kando ya njia na viatu vina bamba la kaboni. Rekodi za sasa hazistahili kupimwa kwa mizani moja na zile.

Mwaka huohuo alitwaa dhahabu mbili Algiers, kwenye Michezo ya Afrika, na mbili Edmonton, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Olimpiki hakukimbia hata moja, kwani Kenya ilisusia mbili mfululizo.

Kususia Montreal 1976 kulikuwa na hoja: karibu Afrika nzima ilikuwa inapinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Kususia Moscow 1980 hakukuwa na hoja ya Mkenya. Serikali ya Rais Moi ilimfuata Rais Jimmy Carter wa Marekani katika ugomvi wake na Wasovieti juu ya Afghanistan, na mwanariadha ndiye aliyelipa. Tanzania, iliyosusia Montreal, ilikwenda Moscow ikarudi na fedha mbili.

Fainali zenyewe zinaonyesha kilichopotea. Kwenye viunzi, Mtanzania Filbert Bayi aliondoka kwa kasi kali, akafungua pengo, kisha miguu ikamwisha na Bronisław Malinowski wa Poland akampita mzunguko wa mwisho: 8:09.70 kwa 8:12.48. Mbio zilizowashwa moto tangu mwanzo namna ile ndizo zilizomfaa Rono, na saa yake ya Seattle ilikuwa bora kuliko ya mshindi kwa sekunde nne. Mita 5,000 hazisomeki kirahisi hivyo. Miruts Yifter wa Ethiopia alishinda kwa 13:20.91, Suleiman Nyambui wa Tanzania akimfuata, lakini zilikuwa mbio za kuviziana, na kasi ya Yifter ya kumalizia ingemsumbua yeyote. Kwenye viunzi, hata hivyo, dhahabu ilikuwa ya Kenya kuchukua. Mkenya mwenzake Kipchoge Keino alipewa uwanja Mexico na Munich akaonyesha alichonacho. Rono alinyimwa mara mbili, ya pili bila sababu.

Pombe ilikuwa imeshamwingia, na si haki kuitwika Moscow lawama yote. Lakini mkimbiaji asiye na lengo kubwa la kujitayarishia hukosa pia sababu ya kujizuia. Mwaka 1981 alianza msimu akiwa mzito, akajikimbiza kupunguza uzito mbio hadi mbio, na Septemba, Knarvik nchini Norway, akaishusha rekodi yake ya mita 5,000 hadi 13:06.20. Kazi safi.

Baada ya hapo ulevi ulimtupa mitaani Marekani, akalala kwenye makazi ya wasio na makao, akaingia na kutoka vituo vya tiba. Aliacha pombe miaka ya 2000, akafundisha watoto wenye mahitaji maalumu Albuquerque, akachapisha kitabu cha maisha yake mwaka 2007. Alirudi Kenya mwaka 2019, akafariki Februari 15, 2024. Rekodi ya viunzi ilidumu hadi 1989, Peter Koech alipoipunguza kwa sehemu tano za mia za sekunde.