Zamu ya Liyongo: Michezo ya Video na Lugha ya Mchezo katika Bonde la Mto Tana

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi juu ya ushairi, hadithi, tamthilia na nyimbo, na baadhi yao wamekwisha kuzigusa filamu na muziki wa vijana. Michezo ya video, ambayo vijana wenyewe huiita gemu, imeachiwa zaidi wazazi, walimu wa nidhamu na viongozi wa dini. Hao aghalabu huijadili kama kosa la tabia: inapoteza wakati, inakula fedha za shule, inafundisha ukatili. Mashtaka hayo yaweza kuwa na ukweli wake, lakini hayatoshi kuitwa uhakiki. Kazi yenye wahusika, mandhari, migogoro na kanuni zake yenyewe haina budi kuulizwa maswali yale yale yanayoulizwa utenzi au ngano: inasema nini, inasema kwa lugha ya nani, na inampa nafasi gani yule anayeshiriki ndani yake?

Makala haya yanakusudia kuyauliza maswali hayo kutoka Garsen na delta ya Mto Tana. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Garsen ni njia panda. Barabara itokayo Malindi hugawanyika hapo, moja ikaenda Witu na Lamu, nyingine ikaufuata mto juu kuelekea Hola na Garissa. Kipokomo, ambacho ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Kisabaki, hukutana hapo na Kiorma, ambacho ni lugha ya Kikushi, na Kiswahili huwa lugha ya wote. Pili, chini ya mto, pande za Ozi na Kipini, ndiko kwenye nchi ya Fumo Liyongo, na huko Kipini huonyeshwa kaburi linalosemekana kuwa lake. Hoja itakayotetewa ni kwamba masimulizi ya Liyongo, pamoja na msamiati wa bao, yanatupa kipimo chetu wenyewe cha kuhakikia michezo mipya, pasipo kuazima kipimo cha watengenezaji wala cha wakemeaji.

2. Mchezo katika masimulizi ya Liyongo

Wasomaji wengi wanamjua Liyongo kwa utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Uhakiki umemtazama Liyongo kama shujaa, kama mshairi, na kama mtu aliyesalitiwa na mwanawe. Jambo lisilosisitizwa vya kutosha ni kwamba vitimbi vikubwa vya masimulizi hayo hutokea ndani ya mchezo.

Katika kisa cha makoma, maadui wanafanya kikoa: kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake na kuwaangushia wenzake matunda. Kanuni inaonekana ya haki, kwani zamu ni za wote. Hata hivyo imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja, ambaye akiwa juu ya mti atapigwa mishale. Liyongo haikatai zamu yake wala hatoki mchezoni. Anayaangua makoma kwa mshale akiwa amesimama chini. Ametimiza sharti la mchezo, lakini kwa njia ambayo waliotunga sharti hawakuifikiria.

Katika kisa cha gereza, Liyongo aliyefungwa Pate anapata tupa zilizofichwa ndani ya mkate wa kumvi ulioletwa na mjakazi Saada. Kisha ngoma ya gungu inachezwa, na kelele zake zinaifunika sauti ya tupa ikatayo minyororo. Mara hii pia mchezo wa hadhara unageuzwa kazi na mchezaji mwenyewe.

Visa hivi viwili vinatoa kanuni ya uhakiki. Kila mchezo una wenye kuutunga na wenye kuucheza, na thamani yake kwa mchezaji hupimwa kwa nafasi aliyo nayo ya kujibu kwa namna yake. Mchezo usiompa nafasi hiyo ni mti wa mkoma tu, na anayeupanda analengwa na wengine.

3. Lugha ya bao

Nafasi ya kujibu huanza katika lugha. Ushahidi bora wa jambo hili katika pwani yetu ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lakini utajiri wake mkubwa zaidi umo katika maneno. Mchezaji hunamua mpaka kete za mkononi ziishe, kisha huingia katika mtaji. Asipoweza kula, hutakata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezo wake umelala. Shimo moja huitwa nyumba, nayo ina haki zake. Mashimo ya pembeni huitwa vichwa, na yaliyo karibu nayo, kimbi.

Maneno haya hayakuletwa pamoja na kijitabu cha maelezo. Yalikua barazani, midomoni mwa wachezaji na watazamaji, na kwa sababu hiyo mchezaji wa bao anaweza kueleza alichofanya, kukitetea, kubishana juu yake na kumfundisha mwingine. Kitendo chenye jina chaweza kujadiliwa. Kisicho na jina hufanywa tu na kusahauliwa.

4. Vyumba vya gemu

Katika miji midogo ya pwani ya Kenya mchezo wa video huchezwa zaidi katika chumba cha kukodi. Humo mna runinga, mashine ya PlayStation, mabenchi, na malipo ya kila mechi. Mchezo unaopendwa kupita yote ni kandanda, ule uliotolewa na kampuni ya Marekani tangu 1993 kwa jina la FIFA, na ambao tangu 2023 huitwa EA Sports FC.

Mapenzi haya kwa kawaida huelezwa kwa sababu moja, kwamba vijana wanapenda mpira wa Uingereza na Hispania. Sababu hiyo ni kweli, lakini ipo nyingine iwahusuyo wanaisimu. Kandanda lilikwisha kupata lugha yake ya Kiswahili kabla ya kuingia katika mashine. Goli, chenga, kona, mlinda lango, mpira wa adhabu, kuotea: yote yamekwisha kuzoeleka kwa kazi ya watangazaji wa redio. Mchezaji wa Garsen anapoketi mbele ya runinga ana maneno tayari. Mtangazaji aliyerekodiwa husema Kiingereza, lakini kelele za benchi humfunika kama gungu lilivyoifunika tupa, na watazamaji huutangaza mchezo upya kwa Kiswahili, kwa kejeli, kwa majigambo na kwa majina ya utani. Hapo fanani na hadhira wamerudi mahali pao. Ni fasihi simulizi iliyo hai, ingawa imeketi mbele ya chombo cha kigeni.

Hali ni tofauti katika michezo ya kisa. Grand Theft Auto: San Andreas, ya mwaka 2004, ina hadithi ndefu yenye wahusika wengi, mazungumzo na mgogoro wa kifamilia na kitabaka katika mitaa ya watu weusi wa Marekani. Mchezaji asiyeyafuata vyema mazungumzo ya Kiingereza, tena ya mitaani, hubonyeza kitufe ili ayaruke. Kinachobaki ni gari, bunduki na kukimbizwa na polisi. Hadithi imeondoka, vitendo vimebaki. Wakemeaji husema kwamba mchezo huu hauna ila ukatili, na kwa mchezaji huyo wanasema kweli. Lakini kilichomnyima hadithi ni lugha.

Mtu anaweza kujibu kwamba dawa ni michezo iliyotengenezwa nyumbani. Jibu hilo linahitaji tahadhari. Nairobi X, iliyoundwa na Mkenya Andrew Kaggia na kutolewa 2015, inaonyesha mji wa Nairobi ukivamiwa na viumbe kutoka nje ya dunia. Ni hatua ya kuheshimiwa kiufundi, na furaha ya mchezaji kuyaona majengo anayoyajua si jambo dogo. Hata hivyo kanuni yake ya msingi, ya kumtazama adui kupitia mtutu wa bunduki, ni ile ile ya michezo ya Marekani iliyoitangulia. Mandhari yamebadilika bila ya kanuni kubadilika.

5. Sauti zilizosafiri

Kiswahili nacho kimeingia katika michezo ya ughaibuni, na namna kilivyoingia inafundisha. Mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo uitwao «Baba Yetu», uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa wa kwanza kutoka katika mchezo wa video kufanya hivyo. Ukiisha, mchezaji huingia katika kazi ya kujenga dola na kuwashinda jirani zake. Kwa wengi wa wachezaji hao Kiswahili ni sauti nzuri ya ufunguzi. Hakina kazi tena ndani ya mchezo.

Watu wa Tana wanalo tukio la kulinganisha nalo. Wimbo wa taifa la Kenya, uliotayarishwa 1963 na tume iliyokuwamo Graham Hyslop na Thomas Kalume, ulichukua lahani ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Mamilioni ya Wakenya wanaijua lahani hiyo, na wachache nje ya bonde la Tana wanayajua maneno yake ya kwanza. Tofauti ni kwamba lahani ya Kipokomo ilipewa maneno mapya ya Kiswahili na ya Kiingereza ambayo wananchi wanayaelewa na waweza kuyadai: haki, umoja, kazi. Sauti iliyosafiri ilipewa kazi mpya. Kusafiri kwa sanaa, basi, si hasara kwa lazima; hasara huja pale sauti inapochukuliwa na maana kuachwa njiani.

6. Kifo na kuanza upya

Swali zito zaidi ni la kifo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta ya Tana, katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma, wakiwamo wanawake na watoto. Hakuna haja ya kutafuta chanzo chake katika michezo ya video. Ugomvi wa mkulima na mfugaji juu ya mashamba, malisho na njia za kufikia maji ni wa zamani kuliko mashine hizo, na siasa za kugombea madaraka ziliuchochea. Anayezilaumu gemu kwa msiba kama huo anawapunguzia mzigo wanaostahili kuubeba.

Hata hivyo mahali palipozika watu hivyo pana haki ya kuiuliza sanaa yoyote inavyokiona kifo. Katika michezo mingi ya bunduki mwili ulioanguka hutoweka, na mchezaji akifa huanza upya. Linganisha na Liyongo. Amechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta uta, na roho inamtoka akiwa hivyo. Mji mzima unaingiwa na hofu na kukosa maji. Mama yake, Mwana Mbwasho, anaitwa aje kumsihi, naye anamsihi mwana asiyeweza tena kusikia. Kifo hicho kina mama, kina kisima, kina watu wenye kiu. Jamii nzima inabeba matokeo yake, na msaliti mwenyewe hafaidi alichoahidiwa.

Hiki ndicho kipimo cha maudhui ambacho mkondo wa chini wa Tana unakitoa. Mchezo waweza kuwa na vita, kama utenzi ulivyo na vita. Lililo muhimu ni kama kuna yeyote anayebaki kuomboleza.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba michezo ya video inaweza kusomwa kwa zana za fasihi yetu, na kwamba zana hizo zinagundua mambo ambayo makemeo hayayaoni: kwa nini kandanda limepata makao na michezo ya kisa haikupata, kwa nini mandhari ya nyumbani hayatoshi, na kwa nini kifo kisicho na msiba ni kasoro ya kisanaa kabla ya kuwa kosa la maadili.

Idara za lugha zina kazi mbili za karibu. Ya kwanza ni kuyakusanya maneno ya vyumba vya gemu, kama yalivyokusanywa ya bao na ya uvuvi, kabla hayajapotea pamoja na kizazi kilichoyatunga. Na katika Garsen mkusanyaji atahitaji kusikiliza Kipokomo na Kiorma sambamba na Kiswahili. Ya pili ni kufanya kazi pamoja na vijana wenye ujuzi wa kompyuta, ili michezo ya kisa ipate mazungumzo ya Kiswahili yaliyotungwa na watu wanaoijua lugha. Siku Liyongo atakapoingizwa katika mchezo, haitatosha apewe uta na maadui wa kuwaangusha. Apewe pia zamu ya makoma, ili mchezaji atafute njia yake mwenyewe ya kuyaangua, na mwishowe awepo mama kisimani.