Chuma Kisicho na Chuma

Upanga ninaouzungumzia una urefu wa sentimita mbili hivi, na bapa lake halifiki milimita tatu. Umeshikwa na askari wa plastiki mwenye kimo cha milimita 32, kipimo kilichozoeleka kwa sanamu za michezo ya vita ya mezani kama Warhammer. Ukiutazama kwa umbali wa mkono utaapa kuwa ni chuma kilichonolewa jana. Usogeze karibu na jicho, chuma kinatoweka. Unabaki na kijivu, buluu nzito inayokaribia weusi, na nukta mbili za weupe. Chembe ya rangi ya fedha haimo.

Wenye fani huiita mbinu hii kwa herufi tatu, NMM: kuchora metali kwa rangi zisizo za metali. Kila anayeiona kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: kwa nini ujitese hivyo, ilhali rangi ya fedha inauzwa tayari kwenye chupa?

Jibu limo ndani ya chupa hiyo. Rangi ya metali ina vipande bapa vidogo sana vya mika au alumini, na kila kipande ni kioo. Ukipaka geti la nyumba, vioo hivyo havionekani kimoja kimoja. Ukipaka chapeo yenye ukubwa wa punje ya harage, vinaonekana kama changarawe. Tena vinarudisha mwanga wa chumba ulichomo wewe. Askari yuko vitani chini ya mawingu ya jioni, na taa ya sebuleni kwako inawaka begani mwake. Kwa jeshi la sanamu mia litakalochezewa mezani na kutazamwa pande zote, rangi ya metali inafaa sana na inaokoa siku nyingi za kazi. Kwa sanamu moja inayosimulia kisa, inamnyang'anya mchoraji mamlaka juu ya mwanga.

Ili kuelewa mchoraji anaiga nini hasa, chukua kijiko cha chuma ukisogeze dirishani, kisha weka kikombe cha plastiki cha kijivu kando yake. Kwenye kikombe, kijivu kinatoka kwenye mwanga kwenda kivulini taratibu, na mahali pamoja tu pana doa dogo jeupe. Kwenye kijiko kijivu ni haba. Pana mstari mweupe wa dirisha, na ubavuni mwake, bila daraja la kati, ukanda mweusi: ni upande wa chumba usiofikiwa na mwanga. Chini yake inajitokeza rangi ya kitambaa cha meza. Fedha iliyosuguliwa hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya mwanga unaoipiga. Plastiki, ikitazamwa uso kwa uso, hurudisha kama asilimia 4 juu ya ngozi yake. Mwanga uliobaki huingia ndani, na sehemu yake hutoka ikiwa imebeba rangi ya kitu chenyewe. Kwa hiyo kijiko kinakuonyesha majirani zake. Jicho letu limezoea kusoma miruko hiyo ya ghafla, weupe ukigusana na weusi, na papo hapo linasema: hiki ni chuma.

Mchoraji Jan van Eyck aliliona hilo karibu miaka 600 iliyopita. Katika mchoro wake wa Bikira Maria na kasisi van der Paele, aliomaliza mwaka 1436 na ambao leo uko Bruges, Mtakatifu George amevaa deraya kamili, na kwenye mikunjo ya chapeo yake Maria na mwanawe wameakisiwa tena na tena. Ni rangi za mafuta tupu. Mwaka mmoja kabla, Leon Battista Alberti alikuwa ameandika huko Italia katika kitabu chake De pictura kwamba mchoraji anastahili sifa zaidi akiiga mng'aro wa dhahabu kwa rangi za kawaida kuliko akibandika dhahabu yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachoraji wa kampuni ya Rackham ya Ufaransa walipoipa mbinu hii umaarufu kwenye sanamu zao, walikuwa wanaendeleza hoja ya zamani kwenye uwanja mdogo zaidi.

Sasa turudi kwenye upanga. Bapa lake lina mgongo katikati, kwa hiyo kila upande una nyuso mbili. Uso wa juu umeanzia gizani kwenye mpini ukaishia kwenye mwanga karibu na ncha. Uso wa chini umefanywa kinyume chake. Karibu popote mgongoni, mwanga wa upande mmoja unatazamana na giza la upande wa pili. Mpango huo wote ulichorwa kwa dakika chache, kwa brashi nene, bila kulainisha kitu, na hapo ndipo kazi ilipoamuliwa. Kilichofuata ni subira: rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji mengi hadi ikawa kama chai nyepesi, brashi ikapanguswa kwenye tishu, kisha ikavutwa kuelekea pale rangi inapotakiwa kukolea, kwa sababu chembe za rangi hutua pale brashi inapoinuliwa. Ukivuta kinyume, unachafua pale ulipotaka pawe safi. Makali yalifuatia mwishoni, mstari mwembamba wa kijivu cheupe unaokolea penye giza na kufifia penye mwanga.

Kosa ninaloliona mara nyingi, na ambalo nililifanya mwenyewe kwenye dirii yangu ya kwanza, ni kuamini kwamba siri iko kwenye ulaini. Nililainisha kifua kile kwa usiku tatu. Mipito haikuwa na doa, na dirii ilifanana na jiwe la mtoni. Rangi nyeupe isiyong'aa inarudisha mwanga takriban mara 20 tu kuliko nyeusi. Mmweko wa jua juu ya chuma halisi unaizidi tofauti hiyo mbali mno. Mchoraji hawezi kuongeza mwanga kwenye chupa yake ya weupe. Anachoweza ni kuzamisha kila kilicho jirani. Nilipofunika nusu ya kifua kile kwa weusi na buluu, bila hata kugusa weupe uliokuwepo, weupe ule ule ukawaka.

Dhahabu ina sheria yake. Humeza sehemu kubwa ya mwanga wa buluu, kwa hiyo hata mmweko wake huwa na umanjano. Kivuli ni kahawia nzito, pengine na tone la zambarau. Katikati ni rangi ya udongo wa manjano. Juu ni rangi ya pembe ya ndovu. Na weupe kamili usizidi ncha ya sindano. Anayeogopa kahawia nzito huishia na haradali.

Gharama ya mbinu hii ni kwamba mwanga hautembei. Geuza sanamu, mmweko unabaki pale pale ulipochorwa, na ukiigeuza sana uongo unaonekana. Ndiyo maana huwa naamua kabla ya tone la kwanza sanamu itatazamwa kutoka wapi. Inafaa zaidi kwa sanamu za kabatini na za picha, kama zile za mashindano ya uchoraji wa sanamu ya Golden Demon yanayoendeshwa na kampuni ya Games Workshop tangu 1987.

Hatua ya mwisho ni vanishi, nayo sharti iwe ile isiyong'aa. Vanishi ya kung'aa huleta mmweko wa kweli wa taa ya chumbani, nao hugombana na ule uliochorwa. Lakini vanishi isiyong'aa nayo hufifiza kidogo weusi na weupe. Kwa hiyo upanga ulipokauka, nilichukua tena brashi yenye ncha kali, nikarudishia nukta mbili nyeupe, moja kwenye ncha na moja karibu na mpini, nikaziacha wazi bila kuzifunika.