Wenye Maduka ya Chambo

Wastahili pongezi wenye maduka ya chambo wa pwani ya Massachusetts, ambao kila mwezi wa Mei, samaki besi wa milia, waliokwisha kutaga katika mto Hudson na mito ya ghuba ya Chesapeake, wapandapo kaskazini kwa makundi, hufungua milango kabla ya alfajiri ili mvuvi apate mishipi, chubwi, mikunga hai, na khabari za maji kujaa na kupwa. Mkunga hushikwa kwa kitambaa kikavu, kwani huteleza mno, kisha ndoana hupitishwa chini ya kidevu ikatokea juu ya mdomo. Na anunuaye mara ya kwanza huonyeshwa hayo pasi na malipo.

Faida ni haba, na chambo hufa. Sheria nazo ni za kale: mwaka 1639 koloni ya Massachusetts ilikataza besi kufanywa mbolea. Tangu 2023 mvuvi wa burudani huruhusiwa mmoja tu kwa siku, wa inchi 28 hadi 31, na mwenye duka, aliye mwalimu kuliko mchuuzi, humwuzia mwenye mkunga ndoana ya duara, kama sheria itakavyo, ingawa (wavuvi tunajuana!) aililia ile ya kawaida.